Jani la Wakimbizi

Mtu wa kwanza kuniambia niache kulitazama ua kama nataka kulijua alinikuta nimepiga magoti pembeni mwa shamba huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Ilikuwa Jumamosi moja ya Juni 2024. Suruali imelowa magotini, simu iko mkononi, na mbele yangu kuna maua mekundu mengi mpaka macho yanachoka. Nilikuwa napiga picha kama mtalii yeyote. Mama aliyetuongoza, mwalimu mstaafu wa baiolojia, akainama karibu yangu akaniambia kwa upole kwamba rangi haitanisaidia kitu. "Tazama tunda," akasema. "Halafu shina. Ua litakudanganya."

Nilikuwa London kwa kozi fupi ya waandishi wa habari. Mwenye nyumba niliyopanga ni mmoja wa wale Waingereza ambao wikendi yao haikamiliki bila kutembea porini na kitabu cha mimea mfukoni. Akanikaribisha. Tukapanda treni hadi Cuxton, tukaingia kwa miguu Ranscombe Farm, hifadhi ya shirika la Plantlife ambako magugu ya mashambani yanalindwa kama sisi tunavyolinda faru. Naomba urudie sentensi hiyo, msomaji wangu, maana mimi mwenyewe niliirudia kichwani njia nzima. Magugu. Yanalindwa. Bibi yangu wa Keza angecheka mpaka akae chini.

Niliitikia mwaliko kwa sababu ya neno moja. Kamusi zetu zinalo neno mpopi, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitamka dukani wala njiani. Kilichopo midomoni mwetu ni kasumba. Kasumba ni afyuni, ulevi unaotokana na utomvu wa aina moja ya mpopi. Baadaye neno likahama, likawa fikra mbaya zilizomganda mtu kichwani: kasumba ya kikoloni, kasumba ya ukabila. Yaani lugha yetu iliupokea ulevi na kuliacha ua lenyewe melini. Nilitaka kuliona hilo ua.

Kumbe yale mekundu ya Kent si ya afyuni. Ni binamu zake. Na hao binamu ni wengi, wote wamevaa nyekundu, ndiyo maana rangi haisaidii.

Yule mama alitufundisha hivi. Mpopi wa kawaida wa mashambani, *Papaver rhoeas*, una kibuyu cha mbegu cha mviringo, laini, kisicho na nywele, na vinyweleo vya kwenye kikonyo chake vimesimama wima kama nywele za mtu aliyeshtuka. Mwingine, *Papaver dubium*, kibuyu chake ni kirefu, na vinyweleo vya juu ya kikonyo vimelala vimeshikana na shina. Wa tatu, *Papaver hybridum*, ana kibuyu cha mviringo kilichojaa miiba laini ya rangi ya majani makavu. Wa nne hatukumwona siku ile. Alitutajia tu jina lake, *Papaver argemone*, nami nikaliandika kwenye daftari kwa kuwa mkono wa mwandishi wa habari huandika hata kisichohitajika.

Baadaye akachuma jani la mpopi wenye kibuyu kirefu, akalikata kwa kucha. Ukatoka utomvu. "Subirini," akasema. Tukasubiri, watu wazima saba tumekodolea macho tone dogo kwenye jani. Polepole likawa la njano. Akafurahi kama mtoto. Ile ni jamii yake ndogo, akasema, inayopenda udongo wa chokaa, na hakuna njia nyepesi ya kuitofautisha na nduguye isipokuwa kuivunja na kungoja.

Tukiwa tunakula mikate yetu kwenye nyasi, nikamuuliza kwa nini mipopi inapenda mashamba na siyo msitu ule pale pembeni. Akasema mbegu yake ni ndogo mno, inataka mwanga ili iote. Ikifunikwa hulala, hata kwa miongo. Siku jembe likigeuza udongo, inaamka. Ndiyo maana ilijaa Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: mizinga na mahandaki viliilima ardhi kuliko mkulima yeyote. Mwaka 1915 daktari wa jeshi kutoka Canada, John McCrae, aliandika shairi juu ya maua hayo na makaburi, na mpaka leo Waingereza huvaa ua jekundu la karatasi kila ifikapo Novemba 11.

Nikawaza Kariakoo. Vita hiyo hiyo ilipiganwa kwetu, na kwetu walikufa wapagazi kwa makumi ya maelfu, wengi wakiwa wamebeba mizigo ya wengine. Kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la soko tunakonunua viatu. Ua hatukuachiwa.

"Na kwenu kuna mipopi?" yule mama akaniuliza.

"Hapana," nikajibu. Nilijibu haraka, na kwa uhakika wote wa mtu aliyezaliwa mahali.

*

Agosti nikaenda Keza.

Kwa asiyepajua: Keza iko wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kule ambako ramani ya Tanzania inabanwa kati ya Rwanda na Burundi. Kihangaza chetu, Kirundi na Kinyarwanda vinaelewana bila mkalimani. Agosti ni kiangazi: vilima vimekauka, vumbi jekundu limekaa juu ya migomba, na usiku kuna baridi ambayo watu wa Dar hawaamini ukiwasimulia.

Nilifika jioni. Nikamwamkia bibi, akaitika marahaba huku akinishika uso kwa mikono miwili, akiusogeza karibu na wake. Nilidhani ni upendo. Ilikuwa upendo, lakini pia ilikuwa jicho. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, na lile zima nalo lilikuwa limeiva.

Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Pembeni yake kuna mashina matatu ya jani fulani lenye miiba. Akalivunja moja kwa uzoefu, akaacha utomvu udondoke kwenye kifuniko cha soda, akachovya ncha ya kitambaa, akainua kichwa.

Utomvu ulikuwa wa njano.

"Bibi, hiyo ni nini?"

"Dawa ya macho. Mama jirani ndiye alinionyesha."

"Inaitwaje?"

"Jani la wakimbizi."

Nikamwomba asubiri kidogo. Akasubiri, kwa heshima ya mgeni zaidi kuliko ya mjukuu. Nikauliza kwa nini linaitwa hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Si lilikuja nao? Nenda kule ilikokuwa kambi, uone."

*

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka sita. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kambi kubwa kuliko zote ikawa Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imepiga kambi pale ikijenga barabara. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole. Keza nayo ikapata ya kwake.

Ninachokumbuka ni maturubai ya bluu na sauti ya shoka. Watu wengi kiasi kile wanahitaji kupika, na kupika kunataka kuni, kwa hiyo miti iliondoka kilima kwa kilima. Na ninamkumbuka msichana mmoja wa rika langu aliyekuwa akija kwetu kubadilisha mahindi ya msaada kwa ndizi. Jina lake naliweka kwangu. Alikuwa akiruka kamba kuniliko, na alikuwa na tabia ya kuongea akiwa amefumba macho. Tulicheza pamoja kwa muda ambao kwa mtoto ni maisha. Siku moja malori yakaja, wakahamishwa. Sikumuaga, kwa kuwa hakuna aliyeniambia.

Basi nikaenda kule ilikokuwa kambi. Leo ni mashamba ya mihogo na maharage, vichaka, na njia ya ng'ombe. Na kweli, jani la bibi lilikuwepo, hasa kandokando ya njia na kwenye mashamba yaliyolimwa karibuni. Maua yake ni ya njano iliyokolea, membamba kama karatasi ya sigara, yanatikisika hata pale ambapo husikii upepo.

Nikapiga magoti.

Ua litakudanganya, kwa hiyo nikaanza na tunda: kibuyu kirefu chenye miiba, kinachopasukia juu na kuacha tundu la kumwagia mbegu. Nikamimina kiganjani. Mbegu nyeusi, za mviringo, ndogo kama za haradali. Shina lina miiba. Majani ni ya kijani inayoelekea buluu, yamekatwakatwa pembeni, kila ncha ina mwiba, na mishipa yake ni meupe kana kwamba mtu ameichora kwa chaki. Petali sita. Nikalivunja jani. Hapakuwa na haja ya kungoja, utomvu ulitoka tayari wa njano.

Mtandao wa Keza una kiburi chake, lakini juu ya kichuguu fulani unapatikana. Nikatuma picha Kent. Jibu likaja kabla sijashuka: *Argemone mexicana*. Ni wa familia ya mpopi. Chini yake, kwa herufi kubwa: USIUWEKE MACHONI.

Nikashuka kile kichuguu nikikimbia.

*

Yafuatayo niliyasoma baadaye, lakini nayaweka hapa kwa sababu huenda na wewe una bibi.

Utomvu na mbegu za mmea huu zina sumu, na mojawapo inaitwa sanguinarini. Utomvu huwasha na kuunguza jicho. Mbegu zake zikichanganyika na za haradali zikakamuliwa mafuta pamoja, anayeyala huvimba miguu, moyo hushindwa kazi, na presha ya jicho huweza kupanda. Mwaka 1998, jijini Delhi, mafuta ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 60 na kuwalaza hospitalini maelfu. Na lile jina nililoandika Kent bila kulihitaji, argemone, linatokana na neno la Kigiriki la doa jeupe la jicho. Wagiriki wa kale walikuwa na mmea wa jina hilo waliouamini kuwa dawa ya macho. Mmea wetu si ule wao. Ulirithi jina tu. Lakini imani ya kwamba utomvu huu unasafisha macho imefika katika nchi nyingi, na imefika mpaka kwenye kifuniko cha soda cha bibi yangu.

Jina lenyewe kamili lilitolewa na Linnaeus, Mswidi, mwaka 1753, na neno la pili linasema linakotoka: Mexico. Mmea huu ulivuka bahari karne nyingi zilizopita, ukaenea India, ukaenea Afrika. Vitabu vya magugu ya Afrika Mashariki vilivyochapwa miaka ya 1960 vinautaja kama gugu la kawaida.

Na Kiswahili kilishaupa jina. Hili lilinichoma kuliko yote, mimi ninayelipwa kwa maneno. Jioni ile nilivuta kamusi ya marehemu baba, iliyochapwa kabla sijazaliwa, isiyo na jalada, yenye harufu ya moshi. Nikatafuta kwa kubahatisha, nikisoma kila mmea wenye miiba, mpaka nikafika herufi M. Mbaruti. Mmea wa miiba, maua ya njano. Ndio huo huo.

Lilikuwa humo, chumbani mwa baba, siku ambayo wakimbizi wa kwanza wanavuka Rusumo.

Sasa, kambi haikuwa bila lawama yote. Mbaruti, kama binamu zake wa Kent, hupenda ardhi iliyovurugwa. Ukikata miti ya kilima kizima na kukanyaga udongo wake kwa miaka, unauandalia mahali pa kulala na kuamka. Bibi aliona jambo la kweli: baada ya kambi, jani lilizidi. Alichokosea ni hatua ya mwisho tu, ile ya kutoka "lilizidi baada yao" kwenda "lilikuja nao". Ni hatua fupi. Naijua vizuri kwa kuwa niliwahi kuipiga mimi mwenyewe, hadharani, kwa malipo.

Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, serikali ilipokuwa ikiwaondoa Kagera, Geita na Kigoma watu iliowaita wahamiaji haramu, nilikuwa na miaka 25 na nilikuwa ripota mchanga wa gazeti moja. Nilitumwa huku huku kwetu kwa sababu nilijua lugha. Nikaandika habari ndefu. Ndani yake kuna sentensi niliyojivunia kwa wiki nzima, iliyosema wahamiaji hao "wameota vijijini kama magugu baada ya mvua". Mhariri aliipenda akaipandisha juu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza, ni nani kati yao alizaliwa wapi, au alikaa kwa miaka mingapi, au anaitwa nani. Nilitazama rangi, basi. Yule msichana wa kamba, kama alibaki, angekuwa na miaka 25 kama mimi.

*

Kumwambia bibi haikuwa rahisi. Mtu wa miaka themanini na ushee haambiwi na mjukuu kwamba dawa yake ni sumu, tena sumu aliyopewa na jirani kwa moyo mweupe. Nikaanza mbali, kwa Kent, kwa Wazungu wanaolinda magugu. Akacheka mpaka akashika mbavu, kama nilivyotabiri. Nilipofika kwenye macho akanyamaza.

"Kwa hiyo mama jirani ananiua?"

"Hapana bibi. Naye hajui. Hata mimi juzi nilikuwa sijui."

Akafikiri. Akachukua kile kifuniko cha soda akakirusha nyuma ya jiko.

"Na hilo jani limetoka wapi basi?"

"Mexico. Mbali sana, ng'ambo ya bahari. Limekuja zamani kabla hujazaliwa."

"Limekuja peke yake, bila miguu, mpaka Keza?"

"Kwenye magunia ya nafaka, kwenye meli. Mbegu zake ni ndogo."

"Basi," akasema, na nikaona ameridhika, "nalo ni mkimbizi."

Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimekwenda pale kulisafisha jina la wakimbizi, na bibi kwa neno moja akalirudisha jani kambini, ila safari hii bila uchungu, kama mtu anayemsogezea mgeni kigoda.

Tulimpeleka hospitali wiki hiyo hiyo. Ule ukungu ni mtoto wa jicho, wakatuambia, wa kawaida kwa umri wake, unatolewa kwa upasuaji mdogo. Ule wekundu ulikuwa wa utomvu. Ulipungua siku chache baada ya kuuacha. Mama jirani tulikwenda kumwona pamoja, bibi akaongea yeye, kwa namna yao ya wazee, ambapo jambo linazungukwa mpaka linajikuta limesemwa. Jirani naye aliacha. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amewekewa mara mbili. Anaona vizuri, tumshukuru Mungu.

Nimeshawaandikia wale wa gazeti kuomba ile sentensi ya 2013 iondolewe au iwekewe maelezo chini. Bado sijajibiwa. Iko mtandaoni, jina langu juu yake, na ukiandika Ngara na wahamiaji inatokea ukurasa wa kwanza. Nimeiandika hapa ili angalau ipatikane pamoja na hii.

Keza wanaendelea kuliita jani la wakimbizi. Nilijaribu kuwafundisha watoto wa shangazi neno mbaruti. Wakalipenda kwa sababu lina baruti ndani yake, wakashinda wakilipuka nyuma ya nyumba. Kesho yake nikamsikia mmoja akimwonya mwenzake asipite pale pembeni ya shimo la taka, kuna jani la wakimbizi, linachoma. Mkubwa wao, msichana wa miaka sita, akamrekebisha kwa sauti ya mwalimu. Kisha akapiga magoti, akachuma kibuyu kimoja kwa uangalifu, akamimina mbegu kiganjani, akaanza kuzihesabu.

Nikamwambia akimaliza anawe mikono.